Kwa mnaoanza kuchora kidijitali: someni kwanza mwanga wa Dar

Wadogo zangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vifaa: tableti gani, kalamu gani, programu gani. Nalijibu haraka. Simu uliyonayo inatosha kuanzia. Programu ya ibisPaint inafanya kazi kwenye simu, na siku ukipata kompyuta, hata ya mtumba, Krita ni ya bure na ina karibu kila kitu anachohitaji mchora vibonzo. Kidole kitakusumbua kwenye mistari myembamba. Kuza picha, chora, kisha irudishe ilivyokuwa. Kalamu utanunua Mungu akijalia.

Kazi kubwa iko machoni. Vijana wengi wanaonionyesha michoro yao wana mkono mzuri kabisa, ila watu wanaowachora hawaonekani kama wanaishi Dar. Ngozi ya kahawia imepigwa kivuli cheusi tii, juu yake mng'ao mweupe, na uso wote unakuwa kama uliopakwa masizi. Hili linaniuma, maana ngozi zetu ni raha kuzichora. Chanzo chake mara nyingi ni video za mafunzo: mwalimu anachora mtu mweupe aliyekaa dirishani kwenye mwanga hafifu wa Ulaya, nawe unafuata hatua zilezile, unabadilisha rangi ya chini tu.

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa namna nyingine. Inafyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, kwa hiyo ule unaometa juu juu ndio unaobeba umbo la uso: paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Mmeto huo unachukua rangi ya kitu kinachoutoa. Mtu aliyesimama kivulini akitazama anga wazi, paji lake lina ubluu. Mtu yuleyule usiku mbele ya banda la chipsi lenye taa ya njano, shavu linakuwa la dhahabu. Kivuli nacho kipe rangi: kahawia iliyokolea yenye wekundu, au zambarau, usichukue nyeusi ukaipunguza nguvu. Mtazame dada aliyejitanda kanga nyekundu akiwa juani asubuhi. Chini ya kidevu chake, pale unapotegemea giza, pana wekundu ulioruka kutoka kwenye kanga. Weka wekundu huo kidogo tu kwenye leya yake ya peke yake, yaani tabaka la mchoro unaloweza kulificha bila kugusa mengine, uzime na uuwashe, utaona uso unavyopata uhai.

Halafu kuna jua lenyewe. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko juu sana. Macho yanaingia kwenye kivuli cha paji, pua inaangusha kivuli kuelekea mdomoni, na kivuli cha mtu mzima kinajikunja miguuni pake. Jioni jua linashuka karibu wima, giza linaingia upesi. Ule mwanga laini wa machweo unaodumu muda mrefu, mnaouona kwenye filamu za Ulaya ya kaskazini, sisi hatuna. Ukichora watu wanasubiri pantoni Kivukoni wakati wa magharibi, amua ni kabla jua halijazama au taa zimeshawaka. Usichanganye.

Filamu zinafundisha haya yote ukizitazama mara mbili. Mara ya kwanza tazama kwa raha yako, ulie na ucheke. Mara ya pili zima sauti, simamisha picha, jiulize: mwanga unatokea wapi? Kitu gani ni cheusi kuliko vyote? Jicho langu limeanzia wapi? Kisha ichore ndogo kama stempu, kwa rangi tatu tu, nyeusi, kijivu na nyeupe. Kama haisomeki kwa udogo huo, mapambo hayataiokoa. Gemu nazo msizidharau. Kwenye mpira wa usiku mchezaji mmoja ana vivuli kadhaa miguuni, kimoja kwa kila upande wa taa. Mtu amekaa akaliwaza hilo.

Tena msifikiri ualimu uko ng'ambo tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora hapahapa Dar kwa rangi za makopo juu ya hadibodi. Wachoraji waliomfuata bado hupaka usuli, yaani rangi ya nyuma, kwanza, wakaacha ukauke, ndipo mnyama akaja juu yake. Huo ni utaratibu wa leya hasa. Na mkitaka kujua mstari mmoja unaweza kubeba nini, someni katuni za Masoud Kipanya na za Gado.

La mwisho ni la kuprinti, na litakuokolea pesa. Kabla hujachora, weka ukubwa wa turubai, yaani ukurasa unaochorea ndani ya programu. Kwa A4 safi unahitaji pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 2480 kwa 3508, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Mchoro mdogo ukivutwa baadaye unatoka na ukungu, na hakuna fundi wa kuurudisha. Skrini inatoa rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Printa inatumia wino, kwa kawaida wa rangi nne. Ile bluu ya umeme na kijani kinachowaka kwenye simu havipo ndani ya wino huo. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kuprinti kazi ya mteja, omba nakala moja kwanza, itoe nje ya duka uitazame kwenye mwanga wa mchana, ukiwa na simu mkononi. Nyuso zikiwa zimezama gizani, pandisha mwanga wa kahawia, uiache rangi ya usuli kama ilivyo, uprinti tena moja. Ndipo umwambie atoe zilizobaki.