Vyuma nilinunua mwenyewe, geti likaanguka vilevile

Swali lenu la wiki hii linauliza, ukimpa fundi welding kazi ya nyumbani, ununue vyuma mwenyewe au umpe hela akanunue yeye. Nimelisoma nikaweka simu chini, nikaenda kuanua nguo, nikarudi nikalisoma tena. Jibu langu siku zote lilikuwa nunua mwenyewe. Hilo nimelisema miaka yote kwa kila anayejenga, na sababu mnazijua, fundi akienda peke yake bomba la milimita 1.5 linageuka la milimita 1, na wewe huwezi kujua maana kwa nje yote ni skwea, bomba la pande nne, la milimita 40 kwa 40. Unene unauona kwenye ncha tu, na ncha ndo inayofungwa kwa moto mwanzo. Ikishapigwa rangi imeisha.

Lakini ngoja niwaeleze habari ya geti langu kwanza.

Ilikuwa geti la pande mbili, kila upande upana mita 1.8 na urefu mita 2. Kaka yangu alikuwa ameshanijaza maneno, wewe ni mwanamke unaishi na watoto, mafundi watakula hela yako, usikubali kuongezewa kitu hata kimoja baada ya kupatana. Basi nikaenda dukani mwenyewe na kipimo cha unene mkononi, nikapima ncha za kila bomba. Fundi alikuwa ameniandikia shiti, yaani chuma bapa cha kufunika geti, ya milimita 1.2, mimi nikachukua ya milimita 2. Mabomba aliandika 1.5, nikachukua 2. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana, yaani geti la mwizi kupita na njia nyingine.

Mzigo ulipofika fundi akazunguka zile shiti, akanyanyua moja kwa pembeni akairudisha. Akaniambia, "Mama, hizi ni nzuri, ila nguzo zile hazitabeba." Nguzo zilikuwa zimeshasimikwa, bomba la 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 1.5. Akasema niongeze nguzo nene zaidi, au basi nimletee flati ba, ile mikanda bapa ya chuma, aweke viraka nyuma ya kila bawaba, na bawaba ziwe tatu kila upande badala ya mbili. Nikasikia sauti ya kaka kichwani. Nikamwambia tulipatana nini, chomelea kama tulivyopatana. Hakubishana. Alisema "sawa mama" na akaanza kukata.

Hesabu yenyewe wala si ngumu, ni vile sikuifanya. Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita mraba. Upande mmoja wa geti langu ni mita mraba 3.6, kwa hiyo shiti ya 1.2 ingekuwa kama kilo 34. Ya kwangu ilikuwa kilo 56 na zaidi, weka na fremu unapita 80, na zote hizo zinaning'inia kwenye bawaba mbili zilizoshikwa na ukuta wa bomba mwembamba kuliko geti lenyewe!

Miezi ya mwanzo hakuna kitu. Halafu komeo likaanza kukataa kuingia mpaka unyanyue geti kidogo kwa goti. Halafu likaanza kuchora mstari chini. Siku moja mwanangu mkubwa anafungua, upande mzima ukaachia bawaba ya juu ukalala kuja kwake. Aliruka. Ule mlio wa chuma kwenye saruji sijausahau na sitaki kuuelezea zaidi.

Nilimpigia fundi simu na nilichomwambia si cha kuandikwa hapa. Mwizi, muuaji, kazi ya gundi. Kulikuwa na kiasi kidogo cha hela yake nilikuwa bado sijamalizia, nikamwambia hiyo asahau. Nikaita fundi mwingine, mtu mzima, na kabla hajafanya chochote nikamwambia nionyeshe yule alikoharibu. Akachukua brashi ya waya akasugua rangi pale kwenye bawaba iliyong'oka. Akaniita niiname. Mshono wa moto ulikuwa mzima, umekaa vizuri umezunguka bawaba yote. Kilichochanika ni nguzo, ukuta wa bomba ulikuwa umepasuka pembeni mwa mshono na kutoka nao, kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha kitambaa. Akasema, "Huyu aliyechomelea anajua kazi. Alikosa cha kuchomelea juu yake." Kisha akaniambia nilete flati ba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani anunue, mi naona afadhali muulize nani anasikilizwa. Nilinunua mwenyewe, vyuma halali, vizito, na sikuibiwa hata sentimita. Na kumbe lile neno moja la kweli katika ile kazi lilitoka kwa mtu niliyekuwa namlinda asiniibie.

Sasa sisemi mumpe kila fundi hela akanunue, hapana. Wapo wanaobadilisha vyuma, wapo wanaoshika kwa nukta mbili tatu tu za moto halafu wanajaza puti, ule udongo laini wa kuziba, na kulainisha, ukiona unadhani mshono umezunguka kumbe ndani pako wazi. Mimi siku hizi fundi ananunua yeye, kwa sababu yeye ndo anajua kipi kinabeba kipi, ila anaandika unene wa kila kitu kwenye karatasi kabla hajaenda, vipande vilivyobaki naviweka mimi nivipime ncha, na rangi haigusi chuma mpaka nimeona viungo vyote vikiwa uchi, nimepitisha kidole kila kona. Hela ya mwisho inatoka baada ya hapo. Na akisema "hii haitabeba" namuuliza anionyeshe kwa nini, sijibu siku hiyohiyo. Kama fundi simjui kabisa, labda bado ningenunua mwenyewe, lakini kwa orodha yake, na yeye yuko pembeni yangu dukani.

Yule wa kwanza nilimtafuta. Simu yangu hakupokea mara mbili, ya tatu akapokea akanyamaza. Nikamwambia nilichoonyeshwa na nikamtumia ile hela yake. Akaniuliza mtoto yukoje. Nikamwambia mzima. Akasema sawa mama, akakata, na kazi yangu nyingine hajawahi kukubali kuja.