Neno "eager" katika barua ya kuomba kazi

Msimu wa watalii unapokaribia, vijana huniletea barua zao za kuomba kazi katika hoteli za Nungwi na Paje, Zanzibar, ili nizipitie kabla hawajazipeleka, na nyingi kati ya hizo huwa na neno la Kiingereza "eager", yaani mwenye hamu, mara mahali pake, mara pasipo pake.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa wa kale, waliosema "aigre", nao walilirithi kutoka Kilatini, "acer", yaani kali. Hata leo Mfaransa huita "aigre" kitu kichachu, na jina la Kiingereza la siki, "vinegar", maana yake ya asili ni mvinyo mchachu. Shakespeare, katika Hamlet, anaieleza baridi ya usiku kwa neno hilohilo, "eager". Ukali huo haujapotea, kwani mtu aliye "eager" halipendi jambo tu, bali analitaka kwa hamu isiyokuwa na subira.

Kosa ninalolisahihisha zaidi ni "I have eager to work". Mwandishi amefikiri "nina hamu", akaihamisha "nina" yetu kama ilivyo, ilhali hamu ni nomino na "eager" ni kivumishi. Andika "I am eager to learn", ukiweka kitenzi baada ya "to", au "eager for work", ukiweka nomino baada ya "for".

Wapo wanaotumia "anxious" badala yake. Neno hilo asili yake ni kukabwa koo, na ingawa "anxious to" ni Kiingereza sahihi, meneja anaweza kudhani kwamba wageni wanakutia hofu. (Hamu yetu nayo, huko ilikotoka kwenye Kiarabu, ni dhiki ya moyo, lakini meneja hatakuuliza hayo.) "Keen" halina tatizo, nalo Waingereza hulipenda sana.

"Eager to please" liepuke, kwa sababu mara nyingi lina harufu ya kujipendekeza. Neno lenyewe litumie mara moja tu, kisha toa ushahidi wake. Kijana mmoja wa Jambiani aliandika kwamba ana hamu ya kuhudumia wageni, na sentensi iliyofuata ikaeleza jinsi alivyojifunza Kitaliano kwa kuzungumza na watalii waliokuwa wakinunua madafu kwake pwani; barua hiyo sikuigusa.