Muulize Bibi Shamba: Nataka stara uani

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Njiro, Arusha. Jirani kajenga ghorofa, na ngazi zake za nje zinatazama uani kwangu, pale ninapofulia na kukaa jioni na wanangu. Ukuta ninao, lakini wakiwa ngazini wanaona mpaka mboga tunayolia ugali. Uani kuna mparachichi mkubwa. Jua linapenya kidogo tu, kati ya saa tano na saa saba. Nilipanda bogenvilia ukutani, imerefuka tu, ua halijatoka hata moja. Kazi yangu ni ya zamu, sina muda wa kumwagilia wala kupogoa. Nipande nini?
Mama wawili, Njiro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo bogenvilia ing'oe umpe mwenye jua. Kivulini itakupa miiba tu. Michongoma nayo usiifikirie: inataka jua, na inataka mkasi kila mara.

Panda masale, ile mimea ya fito zilizosimama yenye majani marefu ya kijani (dracaena). Najua utasema hayo ni ya kijijini. Kwetu Marangu yanakaa chini ya migomba na mibuni, hayamwagiliwi na mtu, na yanastawi. Kivuli cha mparachichi wako hakitayasumbua. Jua kali la mchana ndilo linaloyaunguza majani.

Ila usiyapande ukutani. Anayekutazama yuko juu, na kizuizi kikiwa mbali nawe lazima kiwe kirefu mno ndipo kimzibe. Kikiwa karibu nawe, mita mbili hivi zinaweza kutosha. Kaa kwenye kigoda chako cha jioni, mpe mtoto mti wa urefu huo ausimamishe ukutani, kisha aje nao taratibu upande wako. Ncha ikifika usawa wa ngazi za jirani, mwambie asimame. Hapo ndipo pa kupanda.

Tena kwa Wachaga sale ni alama ya mpaka. Jirani akiamka akakuta mstari wa masale kando ya ukuta, kama ni mtu wa Kilimanjaro ataanza kutafuta bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. (Sale hilohilo ndilo la kuombea msamaha, kwa hiyo mkigombana dawa mnayo.)

Usinunue, omba. Mwenye masale hakosi ya kugawa. Chukua mashina ya urefu tofauti: mengine ya kukufika kichwani, mengine kiunoni, ili majani yazibe tangu chini. Unapokata, upande wa chini kata mshazari, wa juu kata sawa. Shina lisilo na majani halijulikani juu wala chini, na ukilipanda kichwa chini utasubiri sana. Yaache kivulini siku mbili mkato ukauke, kisha yafukie futi moja, mistari miwili inayopishana, sentimita 40 kati ya shina na shina. Usichimbe mtaro, maana mizizi ya mparachichi inayotafuta chakula iko juujuu. Chimba shimo mojamoja, ukigonga mzizi mnene sogea. Panda masika yakianza, mwezi Machi, mvua ikufanyie kazi ya kumwagilia. Majani ya mparachichi yanayodondoka yasukumie hapo chini yawe matandazo.

Kazi itakayobaki ni ya mara moja kwa mwaka. Masale yakirefuka hupukutisha majani ya chini, ukabaki na fito zenye vishungi juu, na jirani anaona katikati. Basi kila mwaka chagua yaliyorefuka sana, theluthi moja hivi, uyakate usawa wa kiuno. Chini kidogo ya mkato yatavimba macho mawili matatu, na kila jicho litakuwa kichwa kipya. Kile kichwa ulichokata usikitupe, kichomeke penye pengo.

Ncha za majani zikiwa kahawia, usikimbilie mbolea. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floraidi, ileile inayotia meno rangi, na masale hayaipendi. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, uyatumie hayo kiangazi. Na kama una mbwa mtafunaji, mzuie: majani hayo yatamtapisha.