Dada, usitume hela ya hiyo lita

Usitume! Na kama ushatuma, mpigie sasa hivi akurudishie.

Umesema muuzaji anakupa lita nzima ya mafuta ya kuigiza pafyumu ya Baccarat Rouge 540, "asilia mia kwa mia", bei nafuu ukilipa kabla ya Ijumaa, uyachanganye na spiriti uuze Maulidi hapa Lamu. Hiyo "asilia mia kwa mia" naijua mpaka sauti yake. Niliambiwa hivyo hivyo na mtu mwingine, nikaitikia kama mtoto wa chuoni. Yakhe, pafyumu yenyewe, aliyoitunga Francis Kurkdjian, ule utamu wake wa sukari iliyoungua watoka maabara, hautoki shambani. Anayekuuzia kama kitu asilia ashakudanganya kabla hujafungua kizibo.

Yangu ilikuwa harusi ya binamu. Nikajitia ufundi: chupa 60 za mililita 30, nyingine wageni watunzwe, nyingine niuze. Hesabu nilipiga sawasawa, asilimia 20 mafuta, kwa hivyo mililita 360. Nikanunua 400 kwa shilingi 6,000, spiriti 2,400, chupa 4,200. Shilingi 12,600, na hapo sijahesabu utepe aliosisitiza shangazi.

Nikamimina yote kwa mkupuo mmoja ndani ya dumu. Yote! Sikujaribu hata kijiko. Dakika ile ile likageuka jeupe, tui la nazi lile la kwanza. Nampigia muuzaji, ananiambia kwa upole, "Hiyo kawaida bwana mkubwa, yanaiva. Yaache wiki mbili." Na uchungu wa uongo huo ni kwamba umepakwa ukweli: pafyumu kweli hukaa wiki kadhaa ikatulia. Lakini kutulia si kuwa uji. Mafuta mazuri ya manukato huyeyuka kwenye spiriti kali ikabaki angavu kama maji ya kisima. Yale yangu yalikuwa yametiwa mafuta ya kupikia, na hayo hayakai na spiriti nyumba moja.

Wiki mbili baadaye dumu limetulia kweli, juu safi, ati nikafurahi. Nisichokiona ni kwamba mafuta ya kupikia ni mazito kuliko spiriti, yamezama chini. Nikatikisa, nikajaza chupa, nikazipanga. Usiku mmoja tu yakazama tena, ndani ya kila chupa. Sasa fikiri mwenyewe: mrija wa pampu unafika wapi? Chini kabisa! Bwana harusi kanzu nyeupe pee, kofia ya vito, anajipulizia kifuani mara tatu. Akatoka mbele za watu kama aliyekuwa anakaanga mahamri. Wajomba wawili nao wakafuata, maana nilikuwa nimewasifia. Nimetiwa chupani mimi, si manukato.

Na yule bwana wa "yanaiva"? Simu haishikiki mpaka leo. Kwanza nilikwenda kugombana na aliyeniuzia spiriti, maskini wa Mungu, na yake ilikuwa asilimia 96 kweli. Nilimwomba radhi kwa kilo ya halua.

Basi shika hili moja, mengine yote utajifunza njiani: usinunue mafuta kabla hujayaona yakilala na spiriti usiku mmoja. Mwambie akuuzie mililita 5. Akikataa, ushapata jibu lako. Tia mililita 1 kwenye gilasi kavu, ongeza 4 za spiriti ya asilimia 95 kwenda juu, tikisa, acha hadi asubuhi. Likiingia wingu au chini kukakaa tabaka, mrudishie na salamu zangu. Usijaribu kwa spiriti ya hospitali ya asilimia 70, maana maji yaliyomo yanaweza kuyavuruga hata mafuta mazuri, ukaenda kumtukana mtu bure kama mimi. Na ile ya zambarau ya mafundi wa mbao usiisogeze karibu na ngozi ya mtu, huwa ina methanoli, na hiyo ni sumu.

Ukishuku mafuta ya nazi, weka kidogo kwenye friji, mara nyingi yataganda. Mtihani wa tone kwenye karatasi mimi siuamini, mafuta ya udi safi pia huacha alama. Na wako wanaozimua kwa kitu kiitwacho DPG (dipropylene glycol, kimiminika cha kuzimulia manukato), ambacho huyeyuka kimya kimya na gilasi haitakuonyesha. Hapo uliza pua yako: harufu dhaifu, kaa mbali.

Uliuliza pia jina la kuandika kwenye chupa. Andika lako, usiandike la wenyewe, hiyo ni kesi. Kukaa, wiki nne penye giza na ubaridi, si darini kwa jua letu. Bei sijui nikwambie nini, mimi katika zile 60 niliuza sufuri.

Dumu bado ninalo. Mama huchota yale ya chini akapakia bawaba za mlango mkubwa, na mlango siku hizi haulii. Ila kila mgeni akiingia huuliza nani kaunguza sukari.