Kwa muuguzi mpya wa chanjo: iogope na barafu

Mdogo wangu uliyepangiwa chumba cha chanjo, najua chuoni umefundishwa kuliogopa joto, na umefundishwa vizuri. Ule mraba mdogo ndani ya duara kwenye lebo ya kichupa ukikolea rangi mpaka ulingane na duara au ulipite, unajua chanjo imeungua. Ila alama ile haina habari na barafu. Chanjo inaweza kuganda usiku, ikayeyuka alfajiri, na ukaikuta asubuhi alama yake iko safi kabisa.

Mwaka wangu wa pili kazini, nyanda za juu kusini, tulikuwa na huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto kijijini na chanjo. Saa kumi na mbili asubuhi nilitoa vipakiti vya barafu kwenye friza, nikavipanga kwenye kibebeo, nikaweka Penta (chanjo moja ya magonjwa matano) na ya pepopunda katikati, tukapanda pikipiki. Saa tatu kijijini nainua kichupa cha Penta, naona ukuta mweupe wa barafu ndani yake. Mama mmoja alikuwa ametembea saa mbili na mtoto mgongoni. Nilimwomba arudi siku nyingine, na uso wake ninao mpaka leo.

Kosa langu nilidhani barafu yote ina nyuzi 0. Sivyo. Kipakiti kikitoka friza kina nyuzi 15 au hata 20 chini ya sifuri, na Penta haivumilii hata nusu nyuzi chini ya sifuri kwa muda mrefu. Kinachokuokoa ni tabia moja ya maji: barafu ikianza kuyeyuka, joto lote inalopokea linaishia kwenye kuyeyusha, na kipakiti kinakaa kwenye nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kwa hiyo vitandaze vipakiti mezani, usivibebanishe, usubiri. Kila baada ya muda kitikise kimoja kimoja karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, kimefika sifuri, kipange. Dar es Salaam utasubiri kidogo tu. Makete mwezi wa Julai, kunapokucha majani yameganda umande, nimewahi kusubiri karibu saa mbili. Dereva atakuharakisha, mwache aharakishe, wewe sikiliza maji.

Usitie chumvi kwenye maji ya vipakiti, hata mwenzako akikwambia baridi inadumu zaidi. Maji ya chumvi huganda na kuyeyuka chini ya nyuzi 0, kwa hiyo kipakiti kitacheza maji sikioni huku bado kinagandisha chanjo. Na usikijaze kupita mstari: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, kitapasuka. Ndiyo maana hata ampuli za maji ya kuchanganyia surua haziwekwi friza, kioo hupasuka.

Sasa, si kila chanjo inaharibiwa na barafu. Matone ya polio na unga wa surua na rubela vinaivumilia. Zinazokufa ni Penta, ya pepopunda, ya nimonia, ya HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi), ya homa ya ini na ya polio ya sindano. Nyingi kati ya hizo zina chumvi ya alumini, chembe ndogo sana ambazo dawa imeshikamana nazo. Maji yakiganda, fuwele za barafu husukuma chembe hizo zikabanana, na barafu ikiyeyuka haziachani tena.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Kichupa kilichotulia kinaweza kushuka chini ya sifuri kikabaki maji. Ukikiona majimaji unafurahi, kisha mtikisiko mmoja wa barabara ya makorongo unatosha kukianzisha kuganda. Amini kipimajoto na kifaa cha kuonya mgando kuliko macho yako. Soma asubuhi na jioni, wikiendi pia. Na mchana wa joto usizungushe swichi ya jokofu kuelekea baridi zaidi ukasahau. Usiku hewa ikipoa, chanjo zilizo karibu na ukuta wenye barafu ndizo za kwanza kuganda.

Ukishuku Penta, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kingine cha toleo lilelile, kigandishe usiku kucha kiwe jiwe, kiandike IMEGANDISHWA ili mtu asije kukitumia, kisha kiyeyushe. Shika viwili pamoja, tikisa sekunde 10 hadi 15, uviweke mezani, utazame mpaka nusu saa. Kilichogandishwa kitaanza kutuama mashapo chini upesi. Kile unachoshuku kikituama polepole kuliko hicho, kitumie. Kikienda nacho sawa au kukipita, usikitumie. Polio ya sindano haina alumini, jaribio hili halikuambii chochote juu yake. Na kichupa ulichokikuta jiwe hakihitaji jaribio: kitenge, andika idadi na toleo kwenye leja, mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya kabla ya kuita mtoto wa kwanza.