Hoteli mbili zinazochukua zaidi ya nusu ya mzigo wako

Ndugu yetu ameuliza afanyeje na hoteli mbili zinazonunua zaidi ya nusu ya mboga zake, ilhali zinachelewa kulipa na kila mwaka zinataka apunguze bei. Nami nalisha hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja kwa mboga za Lushoto, hivyo nitaeleza ninavyofanya.

Hoteli si mtu mmoja. Mpishi mkuu ndiye anayeijua letusi yako, afisa manunuzi hutoa oda, mtunza stoo hupima na kukataa, na mhasibu hulipa. Wengi wetu tunamjua afisa manunuzi peke yake, na siku akihamia hoteli nyingine, jambo la kawaida katika utalii, tunaanza upya kama wageni. Ninapofikisha mzigo husimama kwenye mzani pamoja na mtunza stoo, kreti za nyanya zikifunguliwa mbele yetu, na kilo anazozikataa tunaziandika papo hapo kwenye hati ya kupokelea mzigo, kisha sote tunatia saini. Ankara isiyolingana na hati hiyo, au isiyo na namba ya oda, ndiyo inayolala kwa mhasibu hadi mwezi mwingine, na malipo mengi tunayodhani yamecheleweshwa kwa makusudi yamekwama hapo tu.

Wakati wa masika, maporomoko yanapoiziba njia ya Mombo kwenda Lushoto, mpigie mpishi simu mara upatapo habari, ili abadilishe vyakula vya kesho yake mapema. Atakuvumilia kwa upungufu uliomwarifu. Kwa ule aliougundua mwenyewe jikoni, wageni wakiwa wameshakaa mezani, hatakuvumilia.

Kuhusu bei, sikubali bei moja ya mwaka mzima. Hoteli hufurika Julai na Agosti na tena mwisho wa mwaka, lakini Aprili na Mei baadhi hufungwa kabisa, kwa hiyo tunaandikiana bei za msimu na za nje ya msimu. Hoteli ikitaka punguzo, nami naomba kitu: ilipe ndani ya siku 14 badala ya 30, au oda ifike siku mbili kabla, nipate kuvunisha kiasi kinachohitajika.

Mali kauli, yaani mzigo unaoutoa kabla ya kulipwa, nayo iwe na ukomo. Wangu ni deni ambalo hata lisipolipwa kwa wakati, bado nitaweza kuwalipa wakulima wangu. Likizidi hapo, nazungumza na uongozi, kisha napunguza mzigo, bila ugomvi. Hoteli isiyo na wageni hugeuza fedha zako kuwa mkopo wake usio na riba (na haitakuambia hivyo), ndiyo maana mimi hujitahidi kufunga hesabu zote kabla Machi haijaisha. Kama hizo mbili zina deni la msimu uliopita, omba kikao na mhasibu na afisa manunuzi kwa pamoja, nenda na orodha ya ankara pamoja na hati zilizosainiwa, mkubaliane tarehe za kulipa kabla hujazungumzia bei mpya.