Je, kubadili injini ya utafutaji kunatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitafuta kwenye simu maelezo ya dalili za kisukari, kwa kuwa mama yangu alikuwa akilalamikia kiu na uchovu. Tangu hapo kila tovuti ninayofungua, hata za habari za mpira, inanionyesha matangazo ya vipimo vya sukari na dawa za mitishamba. Mwanangu ananishauri nihamie DuckDuckGo, injini ya utafutaji kama Google. Je, nikihama sitafuatiliwa tena? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ushauri wa mwanao ni mzuri na ninakuomba uufuate, ingawa hautamaliza tatizo lote. DuckDuckGo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, hupata fedha kwa matangazo yanayolingana na neno unalolitafuta wakati huo, na sera yake inasema haitunzi historia ya utafutaji ya mtu mmoja mmoja. Faida hiyo si ndogo. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya Marekani, AOL, ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000, majina yao yakiwa yamebadilishwa kuwa namba; hata hivyo waandishi wa gazeti la New York Times, kwa kusoma tu yale ambayo namba mojawapo ilikuwa imeyatafuta kuhusu mji wake, jina la ukoo na maradhi, walimtambua mwanamke aliyeyaandika.

Lakini matangazo yanayokuandama huenda hayakutoka kwenye injini yenyewe. Ukishabonyeza tokeo, umeingia katika tovuti ya mtu mwingine, na kama tovuti hiyo ya afya imewekewa msimbo wa kampuni ya matangazo, msimbo huo huacha kidakuzi (cookie), yaani faili dogo la kukutambua, ndani ya kivinjari chako, ile programu unayofungulia tovuti. Baadaye unapofungua ukurasa wa mpira wenye msimbo wa kampuni hiyohiyo, kidakuzi kinakutambulisha kuwa ndiwe uliyesoma habari za kisukari. Hapo hata injini iwe na uaminifu kiasi gani, haina la kufanya.

Jambo la pili ni kuuliza injini inapata wapi matokeo yake. DuckDuckGo hutegemea sana Bing ya Microsoft, na Startpage ya Uholanzi imetegemea Google, ilhali Mojeek ya Uingereza imejijengea faharasa yake yenyewe, yaani orodha ya kurasa za mtandao inayotafutiwa majibu. Utegemezi huo una gharama: mwaka 2022 ilibainika kwamba kivinjari cha DuckDuckGo, kilichokuwa kikizuia vifuatiliaji vya Google na Facebook katika tovuti nyingine, kiliviachia baadhi vya Microsoft kwa sababu ya mkataba baina yao. Kampuni ilikiri, na Agosti mwaka huohuo ikatangaza kupanua uzuiaji. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo haifuti ubora wa injini yao, lakini wateja walistahili kuelezwa mapema na kampuni yenyewe.

Kwa hiyo hama, kisha futa vidakuzi vilivyomo na utumie kivinjari kama Firefox, ambacho hutenganisha vidakuzi vya tovuti moja na nyingine. Usitegemee hali fiche (incognito) ya kivinjari peke yake, kwani hufuta kumbukumbu kwenye simu yako tu. Tovuti unazozifungua na mtandao wako wa simu bado vinakuona. Na kwa kuwa programu za simu hazitumii vidakuzi hivyo bali kitambulisho cha matangazo, yaani alama maalumu inayoitambulisha simu yako kwa watangazaji, ingia kwenye mipangilio ya simu yako ya Android, sehemu ya matangazo, ukifute.